Gari Lililokunywa Maji ya Chumvi

Tulipomaliza kumzika Mzee Kimeu, binti yake Mutheu alinivuta kando, mbali na sufuria za pilau na wazee waliokuwa wakibishana kuhusu hema, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyetoka kutupa udongo kwenye kaburi la baba yake. "Njeri, lile gari mlilifanyaje mwaka ule? Mama alijaribu kunieleza kwa simu nikashindwa kuelewa. Alikuwa anacheka tu na kusema mambo ya chumvi." Mwaka huo yeye alikuwa Ghuba akifanya kazi za nyumbani za watu, na habari za kwao zilimfikia vipande vipande. Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa tulikuwa tukiitwa tupigwe picha. Lakini kwenye safari ya kurudi Nairobi niliona kwamba sikumwambia hata nusu. Nilimwambia mambo ya gari na kuacha jinsi nilivyoshangaa, na mwaka ule nilishangaa tangu mwanzo hadi mwisho. Mpaka leo nikipewa glasi ya maji huwa nayatazama kidogo kabla ya kuyanywa, na watu wa nyumbani kwangu wameshanizoea.

Sitasimulia nilikozaliwa wala jinsi nilivyoishia kuwa fundi wa umeme wa magari. Hilo nimeulizwa mpaka nimechoka. Yatosha kusema kwamba nilikuwa kijana, nilikuwa na kibanda changu kwenye yadi ya magari pale Mowlem, mashariki mwa Nairobi, na nilikuwa nimepanga chumba Njiru kwenye ploti ya Mzee Kimeu na mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Mutheu. Chumba changu kilipakana na jiko lao. Kilichotutenganisha ni bati tu, kwa hiyo nilijua kitunguu kimeingia mafutani saa ngapi na Mzee amekosea kusema neno gani. Haukupita muda mrefu Mama akaamua kwamba ni upuuzi mimi kujipikia peke yangu upande wa pili wa bati, nikahamia mezani kwao. Alitupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, wenye maharagwe na parachichi pembeni, kisha akaketi na sahani yake mwenyewe, wali mweupe kidogo na sukuma iliyochemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, mpaka haikuwa na rangi wala ladha. Alikula huku akituuliza kama chumvi yetu imekolea. Maji yake ya kunywa ya siku nzima yalikuwa ndani ya chupa moja ndogo iliyokaa karibu na redio, naye aliyanywa kwa kifuniko. Nilimwangalia nikajiuliza mtu anapata wapi nguvu ya kupikia wengine vitu asivyoruhusiwa kuonja, halafu akafurahi vikisifiwa. Bado najiuliza.

Ugonjwa wake ulikuwa wa figo. Kila Jumanne na Ijumaa Mzee alimpeleka hospitali upande wa pili wa mji, akaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudishwa nyumbani amelegea kiasi cha kushikwa mkono hadi kitandani. Mtu wa hali hiyo huwezi kumsimamisha stejini kugombania kiti cha matatu. Kwa hiyo uhai wake ulitegemea gari la Mzee, stesheni wagoni kuukuu la kijivu lililotumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Kila mgonjwa alikuwa na zamu yake ya mashine. Ukichelewa, saa ulizopoteza hazirudi, maana nyuma yako kuna mwingine anangoja. Ukikosa kabisa, maji na sumu ambazo mwili ulipaswa kuzitoa zinabaki ndani yako hadi zamu nyingine. Mama alinieleza haya yote akikatakata nyanya, kwa sauti ya mtu anayekueleza duka la karibu liko wapi.

Sasa lazima niseme habari za maji, maana msomaji asiyeijua Njiru hataelewa. Kwetu maji yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya chumvi, yaliyopandishwa kwa pampu kutoka kisima kirefu cha ploti, ambayo hayakubali sabuni itoe povu na huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Na kulikuwa na maji matamu, ya mfereji, yaliyokuja siku yalipojisikia, au tuliyoletewa kwa mkokoteni kwenye mitungi ya manjano. Maji matamu yalikuwa ya kunywa na ya chai, na katika nyumba ile yalikuwa kwanza ya Mama. Mzee aliyafunika kwa kitambaa safi na hakuruhusu mtu aingize kikombe chake humo. Maji ya chumvi yalikuwa ya kudekia, ya choo, ya kufulia na ya gari. Mtu angekuona unamimina maji matamu kwenye gari angekwenda kuwaita watu wa kwenu.

Mzee Kimeu alikuwa dereva maisha yake yote, kwanza wa malori, kisha wa wakubwa wa maofisini, na alijivunia kwamba hakuna injini iliyowahi kumchemkia. Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, alitoka na koti lake na jagi la plastiki la bluu, akafungua boneti, akajaza lile tangi dogo la maji ya kupoza injini mpaka yakafurika na kumwagika chini. Halafu alifuta tangi kwa kitambaa na kufunga boneti kwa viganja viwili, taratibu. Nilimwona kila siku nikipiga mswaki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ugonjwa wa mkewe ulikuwa umemnyang'anya hata hayo machache. Damu hakuweza kuisafisha na chakula hakuweza kumpikia, kwa sababu Mama hakutaka mwanamume jikoni. Alichoweza ni kuhakikisha gari liko tayari, na hilo alilifanya kwa moyo wote.

Ndani ya lile tangi dogo, upande wa chini, kulikuwa na kidude cha kupimia kiwango cha maji, ambacho mafundi tunakiita sensa. Ni kitu kidogo kabisa: vijiti viwili vya chuma vinavyochungulia ndani ya maji. Umeme mdogo hupita kutoka kijiti kimoja hadi kingine kupitia kwenye maji yenyewe. Maji yakishuka, njia inakatika, na taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi pamoja na kengele. Mapema mwaka ule taa ilianza kuwaka ovyo. Mara nyingi Mzee alikuwa barabara ya Kangundo, Mama amelala kiti cha nyuma, kengele inalia. Yeye hakuwa mtu wa kupuuza kengele. Alisimama, akangoja injini ipoe, akafungua, akakuta maji yamejaa pomoni. Wanaendelea kidogo, inalia tena. Walifika hospitali wamechelewa, mashine ikampa Mama nusu ya alichostahili, na jioni miguu yake ilikuwa bado imevimba.

Jumatatu moja nilikwenda Eastleigh kutafuta sensa mpya, nikazunguka maduka ya vipuri mpaka kiatu kikanikata. Niliporudi Mowlem nilikuta Mzee ameshahudumiwa na jirani yangu wa yadi, Karis, fundi wa injini mwenye mikono mizuri na haraka nyingi. Alikuwa amekata waya mbili za sensa na kuziunganisha pamoja, hivyo gari likaamini maji yamejaa siku zote.

"Niaje Njeri," akaniambia, akijipangusa grisi. "Usijisumbue na hiyo kitu. Nimeipiga moja kwa moja, taa imezima, buda anaenda na roho safi."

"Na maji yakiisha kweli, Karis?"

"Maji itaishaje na huyo mzee anaweka kila siku? We nawe unapenda kuogopa."

Nilimwambia Mzee nizirudishe waya pale pale. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoka, akasema, "Wacha wiki hii tu, mwanangu. Wacha tufike mara moja bila kelele." Na ni kweli, Jumanne walifika bila kelele. Ijumaa mpira mmoja wa maji ukapasuka kabla hawajafika Mowlem, maji yakaisha yote njiani, na taa ikakaa kimya kama ilivyoagizwa. Mzee alijua kuna shida alipoona mvuke. Injini ilinusurika kwa bahati tu, lakini mpaka tulipopata mpira mwingine zamu ya Mama ilikuwa imepita, na kila mashine ilikuwa na mwenyewe hadi Jumanne.

Sitasahau Jumapili iliyofuata. Mama hakuweza kwenda kanisani wala kulala chali, kwa sababu akilala pumzi inakatika, basi akaketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, mikono magotini, akivuta hewa kwa kazi. Uso ulikuwa umemvimba mpaka nikamwona mgeni. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nikipiga pasi, na bati halikuficha kitu.

"Kimeu," nilimsikia akisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Usinifiche. Kama gari litakataa tena, nirudishe Machakos. Nikae kwetu. Sitaki kufia barabarani nikitazamwa na watu kwenye madirisha."

Niliinua pasi nikasikiliza.

"Halitakataa," Mzee akasema.

"Unajuaje?"

"Sijui. Nimesema tu halitakataa."

Niliizima ile pasi. Nilikuwa na hasira, sijui na nani, na huruma. Jumatatu asubuhi nilikata kazi ya Karis, nikafunga sensa yangu mpya na waya mpya, nikajiambia imekwisha. Na kwa wiki chache ilikuwa imekwisha. Kisha kengele ikalia tena.

Nilipoifungua ile sensa mpya, niliketi chini kwenye vumbi la ploti nikiitazama. Nimeshika vyuma vingi vilivyooza, lakini kile kilinishangaza. Vijiti viwili vya chuma kimoja, vilivyotengenezwa siku moja na kutumbukizwa katika maji yale yale, havikuwa tena ndugu. Kimoja kilikuwa kimeliwa mpaka kikabaki chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kingine kilikuwa kimenenepa, kimevaa ukoko mweupe wenye kijani kwa mbali. Hapo kabla nilidhani kutu ni uzee tu, kwamba chuma huchoka. Siku hiyo niliona kwamba mle ndani kuna kitu kinachofanya kazi, kinachagua, kinakula upande mmoja. Nilisisimka mwili mzima, mchana kweupe, majirani wakianika nguo.

Nikachukua mita yangu ya umeme. Ncha moja nikaigusisha kwenye betri, ncha nyingine nikaichovya ndani ya maji ya tangi, bila kugusa chuma chochote. Injini ilikuwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa Mzee. Mshale ukapanda. Nikatoa ncha, nikaipangusa, nikachovya tena, ukapanda tena. Nilimwita Mama aje aone, maana nilihitaji shahidi. "Mama, haya maji yana umeme." Akainama na leso yake mabegani, akatazama mshale, akatazama maji yaliyotulia, akasema, "Ndani ya maji? Yenyewe?" Yenyewe. Injini ya chuma cha aina moja, rejeta ya chuma cha aina nyingine, na katikati maji ya kuziunganisha. Lile gari zima lilikuwa limegeuka betri, na sensa ilikuwa katikati ikiliwa. Nilikaza waya wa arthi uliokuwa umeoza, ule unaorudisha umeme wa injini kwenye betri, na mshale ukashuka, ila haukukubali kulala. Kulikuwa na kitu kingine, na sikukijua.

Aliyekijua kwanza ni Mama. Tulikuwa mezani, Mzee ametoka kwenda kwenye mkutano wa kanisa, na ile sensa iliyoliwa ilikuwa karibu na sahani yangu kwa sababu sikuweza kuacha kuitazama. Mama aliichukua, akaikwaruza kwa ukucha, unga mweupe ukaanguka mezani. Akainuka pole pole, akaleta birika, akalikwaruza ndani kwa ukucha ule ule.

"Hii na hii si kitu kimoja?"

Niligusa unga wa sensa na wa birika kwa kidole; ulifanana.

"Njeri, unajua pale hospitali mashine yetu haipewi maji ya mfereji? Kuna chumba nyuma, kina mitungi mirefu. Maji yanaoshwa kwanza ndiyo yaletwe kwetu. Niliuliza muuguzi, mbona mnaosha maji na maji ni maji? Akaniambia, Mama, maji hayaji peke yake, yanakuja na vitu. Hivyo vitu ukiviingiza kwa mtu utamuua." Akaliweka birika chini. "Sasa huyu mzee wangu analinywesha gari maji gani?"

Hatukungoja. Nilileta betri ya pikipiki kutoka chumbani, waya na misumari mipya. Mama akatafuta mitungi ya jemu iliyokwisha. Mmoja tukatia maji ya chumvi, mmoja maji matamu, na wa mwisho maji ya betri, yale yasiyo na kitu ndani, niliyokuwa nayo kwa kazi yangu. Kila mtungi ukapata misumari miwili, kila jozi ya misumari ikapata umeme wake, tukaketi kula tukitazama. Ugali wangu ulipoa. Kwenye maji ya chumvi msumari mmoja ulianza kutoa mapovu madogo sana, yakipanda mfululizo bila kuchoka, na mwingine ukaanza kumwaga rangi, kwanza manjano, kisha kahawia, ikishuka chini pole pole na kutanda. Kwenye maji matamu mambo yalikuwa yale yale lakini kwa uvivu. Kwenye maji ya betri hakukutokea kitu. Misumari ilikaa inang'aa. Mama alisogeza uso wake mpaka pua ikakaribia kioo, na mwanga wa dirishani ukapita kwenye yale maji ya kahawia ukamwangukia shavuni. Akaanza kucheka, kicheko cha mtoto, mkono kifuani kwa sababu pumzi haikumtosha. "Chuma kinayeyuka kama sukari," akasema. "Mungu wangu, Njeri, na sisi tunaketi tu hapa tunakula." Nimeona mengi tangu hapo, nimefunga kompyuta kwenye magari ambayo Karis asingeweza hata kuyafungua mlango, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko kile kilichokuwa ndani ya mtungi wa jemu.

Mzee alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na Biblia mkononi, akatazama mitungi, kila mmoja na maji yake, kila mmoja na hali yake. Alikuwa ameishi Njiru muda mrefu, hakuhitaji kuuliza upi ni upi. Nilitaka kusema jambo la kiufundi, jambo la kumwokoa, lakini Mama alinitangulia.

"Baba Mutheu, njoo uketi," akasema kwa upole. "Maji ya kwenye jagi lako ndiyo yanakula gari."

"Nimelitunza hilo gari," Mzee akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Kila siku nimelitunza."

"Najua. Kila siku nakusikia. Nikiwa kitandani nasikia boneti ikifunguka, najua niko na mtu." Akamshika mkono wenye Biblia. "Lakini sasa usiliongezee maji tena. Litazame tu. Hata mimi si unanitazama tu?"

Mzee aliiweka Biblia mezani. Kisha akavuta kiti, akaketi, akasogeza ule mtungi wa kahawia karibu yake, akautazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote. "Na hayo mapovu," akaniuliza, "yanatoka wapi?" Nilimwambia kweli yangu, kwamba ni maji yenyewe yanayopasuka. Akatikisa kichwa. Aliendesha maisha yake yote juu ya jambo lile na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Jumamosi tukaliosha gari. Kuosha tumbo lake, namaanisha, kutoa maji yote ya chumvi na ukoko uliokaa humo miaka na miaka. Kulanti, ile dawa ya rangi inayolinda chuma, ilikuwa imefurika nje zamani, kidogo kidogo kila asubuhi. Nilisema itabidi tusuuze kwa maji matamu, na maji matamu tunayo kidogo. Mama akatoka nje mwenyewe, akakivua kile kitambaa safi juu ya mtungi wake. "Tumia haya." Mzee akakataa. "Kimeu, mimi nakunywa kwa kifuniko. Hayo mengine ulikuwa unaniwekea ya nini?" Basi tukamimina. Majirani walitoka mmoja mmoja wakasimama. Jirani wa chumba cha mwisho akauliza kwa sauti, ili asikike, "Kwani hao watu wameokota mto?" Mama akacheka, akamwambia alete na yake. Maji yalitoka chini ya rejeta mekundu kama udongo wa Ukambani, tukamimina mengine, yakatoka hafifu, tukamimina tena mpaka yakatoka masafi. Nikajaza kulanti iliyochanganywa na maji ya betri, nikafunga sensa nyingine mpya, nikachovya mita. Mshale ulilala. Nilipiga ukelele mpaka kuku wa watu wakakimbia.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwa Mzee kuliko kwa gari. Asubuhi alitoka na koti lake, akafungua boneti, na mikono haikujua pa kwenda. Alitazama alama ya kiwango cha maji, akafunga. Kisha akaanza kurudi ndani mapema na kuketi na Mama wakati anakunywa chai yake ya kifuniko, na kupitia kwenye bati nikaanza kusikia mazungumzo ambayo sikuwahi kuyasikia, habari za mvua kwao, za ng'ombe fulani aliyekuwa na wazimu, za Mutheu alipokuwa mdogo. Taa haikuwaka. Wiki zikapita, haikuwaka. Tulianza kuisahau.

Ijumaa moja niliomba lifti hadi mjini. Tulikuwa tumepita Mowlem kengele ilipolia, na taa nyekundu ikawaka mbele ya Mzee. Kwenye kioo niliona macho ya Mama yakifunguka. Nilijua tunachofikiria wote watatu, kwamba imeanza tena, kwamba tumecheza na mitungi ya jemu bure, na kwamba njia rahisi ni kuendelea tu ili tusichelewe.

"Njeri," Mzee akasema, "niamini gani? Saa ama taa?"

"Taa," nikasema. Sauti haikuwa na uhakika, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Akaweka gari pembeni. Nilifungua boneti. Maji yalikuwa yameshuka. Yalikuwa yameshuka kweli, chini ya alama, na kutoka kwenye mpira mmoja matone yalikuwa yakianguka pale kifungo kilipolegea. Injini haikuwa imepata joto la kuumiza, kwa sababu tuliambiwa mapema. Nilikaza kifungo kwa bisibisi, nikamimina chupa ya maji ya betri niliyoiweka kwenye buti, na taa ikazimika yenyewe kabla sijafunga boneti. Niliinama pale nikasema asante, sijui kwa nani hasa, kwa vijiti viwili vya chuma ndani ya tangi la plastiki. Mama alishusha kioo. "Imesema kweli?"

"Imesema kweli, Mama."

"Basi twende."

Tulifika mlango wa kitengo cha figo bado umefungwa. Mama akaingia na wagonjwa wa kwanza. Mzee na mimi tulikuwa tunarudi kwenye gari tulipoona ameacha leso, na ndani ya chumba kile huwa baridi, basi tukarudi nayo, na muuguzi, mwanamke mnene mwenye kucheka, akatuambia tuingie dakika moja tu. Mzee hakuwahi kuingia. Mwaka mzima alikuwa amengoja na gari. Tuliingia tukasimama. Damu ya watu ilikuwa ikizunguka nje yao kwenye mipira miembamba, nyekundu kabisa, ikienda na kurudi bila kelele, na kila mgonjwa kwenye kiti chake alikuwa anakula tunda. Mmoja alikuwa na ndizi. Kijana mmoja alikuwa na nyanya nzima, anaiuma kama tofaa. Sikuelewa, maana hivyo vyote vilikuwa haramu kwao. Muuguzi akatueleza kwamba saa ya kwanza ya mashine huwa wanawaruhusu kidogo, kwa sababu mashine itaitoa chumvi iliyomo kwenye matunda hayo, lakini lazima mgonjwa awe amefika mapema na ana saa zake zote. "Mama Mutheu huwa namnyima," akasema. "Anachelewa. Leo nimempa."

Mama alikuwa na chungwa. Alikuwa amelimenya kwa mkono mmoja, mkono usio na sindano, na chumba kizima kilinukia. Hakutuona mara moja. Aliweka kipande mdomoni, akafumba macho, na machozi yakamtoka, akaendelea kutafuna. Mzee alimfunika leso, akabaki ameinama pale karibu na mashine inayovuma. Mama akafumbua macho, akamwona, akatabasamu mdomo umejaa. Akamshika kiganja, akakifungua, akatemea mbegu humo, moja baada ya nyingine, na Mzee akakiacha kiganja wazi mpaka alipomaliza chungwa lote.